Sura ya Tano: PSP Ndani ya Simu

Sony walipoitoa PlayStation Portable nchini Japani tarehe 12 Desemba 2004, waliitengeneza kwa ajili ya mtu anayepanda treni kwenda kazini. Mashine hiyo, ambayo kila mtu aliifupisha akaiita PSP, ilikuwa na kioo cha inchi 4.3, prosesa inayoweza kufika megahezi 333, memori ya megabaiti 32 na kijidiski chake cha pekee, UMD, kinachobeba hadi gigabaiti 1.8. Utengenezaji wake ulipositishwa mwaka 2014, zilikuwa zimeuzwa takriban milioni 80 duniani. Huku Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, haikuwahi kuwa bidhaa ya kawaida dukani. Mwenye duka la Benako aliyekuwa akiagiza mzigo Kahama au Mwanza alileta redio, betri, sola na simu. Hakuwa na sababu ya kuleta PSP.

Lakini leo mtajie kijana wa Kabanga, Rulenge au Nyakahura jina PSP, atatoa simu mfukoni akuonyeshe. Hajawahi kuishika mashine yenyewe, na huenda hata hajui kwamba ilikuwepo mashine. Kwake PSP ni alama ya rangi ya bluu kwenye kioo cha Tecno au Itel, na ndani yake kuna mpira, ndondi na magari.

Sura hii inasimulia programu iliyolifanya hilo liwezekane. Inaitwa PPSSPP, na historia yake ina mafunzo mengi ya kihandisi. Nitakalolisisitiza ni moja: programu hii haikufika kwetu kwa bahati. Ilifika kwa sababu walioiandika waliamua, mapema kabisa, kwamba lazima ikimbie kwenye kifaa dhaifu. Wangeamua vinginevyo, na wapo wenzao walioamua vinginevyo kwa nia njema kabisa, ingebaki kwenye kompyuta za Ulaya na Marekani.

Kwanza tukumbuke gemu ilivyochezwa huku kabla ya simu janja. Palikuwa na kibanda, televisheni ya mgongo, PlayStation ya kwanza au ya pili, pedi mbili zilizofungwa selotepu, na benchi la wanaosubiri zamu. Unalipa kwa mechi, ukifungwa unampisha mwenzako. Adui mkubwa wa kibanda hicho alikuwa umeme. Mkoa wa Kagera ulinunua umeme Uganda kwa miongo mingi, na hata huo ulihudumia zaidi upande wa Bukoba. Miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea mitambo ya dizeli. Nje ya mji ulikuwa na jenereta lako au hukuwa na kitu. Sasa maporomoko ya Rusumo, mpakani kabisa, yanazalisha megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Lakini simu haikungoja Rusumo. Simu inachajiwa kwa sola, na kibanda cha kuchaji kipo karibu kila kijiji chenye gulio. Gemu ikiweza kuingia ndani ya simu, haihitaji tena televisheni, jenereta, wala kodi ya kibanda.

Kuingia huko ndiko kugumu. Gemu ya PSP ni mlolongo wa amri zilizoandikwa kwa prosesa ya jamii ya MIPS. Simu zetu karibu zote zina prosesa za jamii ya ARM. Amri ya MIPS ukiilisha ARM ni takataka. Emuleta ni programu inayosimama katikati: inaisoma gemu amri kwa amri, inafahamu PSP ingefanya nini, kisha inaifanya simu ifanye hivyohivyo, pamoja na picha, sauti, vitufe na hata makosa ya mashine ya asili.

Kazi ya namna hii haikuanza na PSP. Mwaka 1997 kundi la Bloodlust Software lilitoa NESticle, iliyowawezesha watu kucheza gemu za Nintendo ya kaseti kwenye kompyuta za kawaida za wakati huo. Januari 1999 waandishi wawili waliojiita Epsilon na RealityMan wakatoa UltraHLE, iliyoendesha gemu za Nintendo 64 wakati mashine hiyo bado iko madukani. Jambo hilo lilionekana haliwezekani, na walifanikiwa kwa ujanja ambao tutauona tena hapa chini: hawakuiga kila kipande cha mashine, waliiga matokeo yake.

Upande wa pili walikuwepo wanaoamini kwamba emuleta isiyoiga kila kipande inadanganya. Aliyeitetea imani hiyo kwa nguvu zaidi ni mwandishi wa emuleta ya bsnes, aliyejulikana kwa jina la byuu. Mwaka 2011 aliandika kwamba ili kuiga Super Nintendo bila kasoro unahitaji kompyuta ya gigahezi 3 hivi. Super Nintendo yenyewe ilikuwa na prosesa isiyofika megahezi 4. Hakukosea. Usahihi kamili unakula nguvu, na kazi yake imehifadhi gemu ambazo zingepotea. Ninamheshimu sana. Ila piga hesabu: kwa kipimo hicho, PSP yenye megahezi 333 ingehitaji kompyuta ambayo bado haijatengenezwa, na simu ya kijana wa Nyakanazi isingetajwa kabisa.

Henrik Rydgård, raia wa Sweden, alikuwa amekwisha kupita kwenye mzozo huo. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Dolphin, emuleta ya GameCube iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2003 na msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2008. Tarehe 1 Novemba 2012 akaitangaza PPSSPP. Hakuwa wa kwanza kuishughulikia PSP: tangu 2008 kulikuwa na JPCSP, iliyoandikwa kwa Java kwa ajili ya kompyuta, na waliokuja baada yake walijifunza mengi kutoka kwake. Jipya la Rydgård lilikuwa mahali alipoelekeza macho. Aliandika kwa C++, akaiweka Android kuwa nyumbani kwa programu yake tangu mwanzo, na akauachia msimbo wote hadharani kwa leseni ya GPL, ili yeyote aweze kuusoma, kuusahihisha na kuusambaza. Toleo la mwanzo liliendesha gemu chache, tena kwa kusuasua. Lakini mlango ulikuwa wazi, na watu wakaingia.

Ujanja wa kwanza ulikuwa uleule wa UltraHLE. PSP halisi ina mfumo endeshi wake, na gemu inapotaka kitu inauomba mfumo huo. Ikitaka kusoma faili kwenye diski, kwa mfano, inaita kazi iitwayo sceIoRead. Ndani ya mashine ya Sony ombi hilo linapita tabaka kadhaa kabla jicho la leza halijasogea juu ya UMD. PPSSPP haiendeshi hata tabaka moja kati ya hizo. Inalidaka ombi mlangoni, inalisoma faili moja kwa moja kwenye memori kadi ya simu, inairudishia gemu majibu na kuendelea. Ndiyo maana PPSSPP haihitaji nakala ya programu za ndani za Sony. Waandishi wake waliandika upya, kwa mikono yao, kazi ambazo gemu huuomba mfumo wa PSP.

Hebu fikiria maana yake. Kazi hizo ni mamia, na Sony hawakutoa maelezo kwa umma. Kila moja ilibidi ichunguzwe: ukiipa namba isiyo sahihi inajibu nini? Ikiitwa mara mbili kwa mpigo inafanyaje? Waliandika vijiprogramu vya majaribio, wakaviendesha kwenye PSP halisi, wakahifadhi majibu, kisha wakavipitisha ndani ya PPSSPP na kulinganisha mstari kwa mstari. Mchangiaji mmoja aliyetambulika kwa jina la unknownbrackets alifanya kazi kubwa kupita kiasi katika upande huu, mwaka baada ya mwaka, bila mshahara. Msimbo wa aina hiyo hauna picha ya kuonyesha watu. Lakini ukiona gemu inapita sehemu iliyokuwa inagandia, ujue kuna aliyekesha na kijiprogramu cha majaribio.

Wakati mwingine tatizo lilitokana na wepesi wenyewe. Memori kadi inasoma haraka kuliko diski inayozunguka, na zipo gemu zilizoandikwa kwa kutegemea kwamba diski itachelewa. Zikipewa faili mapema mno, zinachanganyikiwa. Ndiyo sababu ndani ya mipangilio ya PPSSPP kuna chaguo la kuichelewesha simu makusudi, ili iende kwa mwendo wa UMD. Mhandisi aliyetumia miezi kuongeza kasi analazimika kuandika msimbo wa kuipunguza, kwa ajili ya gemu chache tu. Kwangu hiyo ni heshima kwa kazi ya walioandika gemu zile.

Ujanja wa pili ndio uliozibeba simu dhaifu, na unastahili maelezo ya taratibu. Njia rahisi ya kuendesha gemu ni kusoma amri moja ya MIPS, kutafuta maana yake, kuitekeleza, kisha kwenda kwenye amri inayofuata. Ni njia salama lakini ni nzito, kwa sababu gemu inarudia mizunguko ileile maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara emuleta inaanza kutafuta maana upya.

Waliokulia kwenye vibanda vya video watalielewa hili upesi. Kuna mfasiri wa filamu anayekaa kando ya televisheni na maikrofoni, filamu ikienda naye akitafsiri. Ikirudiwa jioni, anaanza upya. Kisha kuna njia ya wafasiri kama Lufufu, walioingiza sauti zao kwenye kanda yenyewe: kazi inafanyika mara moja, na kanda ikichezwa mara mia, tafsiri imo tayari. PPSSPP inafuata njia hii ya pili. Inachukua fungu zima la amri za MIPS, inaliandika upya kuwa amri za ARM, na kulihifadhi kwenye memori. Gemu ikirudi hapo, simu inaendesha fungu lililokwisha kutafsiriwa, kwa lugha yake yenyewe, bila kuuliza tena.

Ukitazama kwa karibu, tafsiri hiyo ina miiba. Prosesa ya MIPS ina rejista 32 za kawaida, yaani vijisanduku vya kuwekea namba zinazofanyiwa kazi. ARM ya biti 32, iliyokuwa kwenye simu za bei nafuu za miaka ile, ina 16, na si zote zilizo huru kutumika. Kwa hiyo kila fungu likitafsiriwa lazima iamuliwe ni namba zipi zikae kwenye vijisanduku na zipi zisubiri kwenye memori, ambako kuzifuata kunagharimu muda. Juu ya hapo PSP ina kitengo cha pekee cha hesabu za umbo na mwendo, VFPU, chenye rejista 128 za namba za desimali, zinazoweza kupangwa kwa safu, kwa nguzo au kwa jedwali la nne kwa nne. Kila mchezaji anapogeuka uwanjani, kila gari linapokata kona, hesabu zinapita humo. Kuzihamishia kwenye ARM bila kupoteza kasi kulichukua miaka, na marekebisho yake yaliendelea toleo baada ya toleo.

Sauti nayo ilikuwa na mkasa wake. Muziki wa gemu nyingi za PSP umebanwa kwa mfumo wa Sony uitwao ATRAC3+, ambao hapakuwa na programu huria ya kuufungua. Kwa muda PPSSPP ilitegemea kiongezeo cha pembeni ambacho hakikuweza kuja pamoja nayo kihalali. Aliyelimaliza tatizo ni Maxim Poliakovski, aliyeuchambua mfumo huo na kuandika kifunguzi kilichoingizwa kwenye maktaba huria ya FFmpeg mwishoni mwa 2013. Muziki ukasikika bila kiongezeo.

Kwa hiyo kufikia katikati ya muongo wa 2010 programu ilikuwa tayari, na simu za bei nafuu zilikuwa zimeanza kumiminika. Kutoka hapo kazi ikahamia mikononi mwa watu ambao Rydgård hawajui.

Huku kwetu gemu ilipita njia ambayo nyimbo na filamu zilipita: steshenari na maduka ya simu. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, ni njia ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali, na vituo vyake, Lusahunga, Nyakahura na Benako, vimejaa maduka ya kuchaji, kutengeneza simu na kuweka nyimbo. Mteja anaingia na kadi yake kutaka gemu ya mpira. "Kaka, niwekee PES." "Nafasi ipo?" "Futa hizo video." Kompyuta inanakili faili, na faili la gemu nzima, hata likibanwa, ni zito; kulivuta kwa bando ni gharama ambayo wengi hawaimudu. Baada ya hapo duka halihitajiki. Mwenye nalo anamrushia mwenzake kwa programu ya Xender, simu kwa simu, bila bando kabisa, na kwa siku moja darasa zima linaweza kuwa nalo.

Halafu inakuja kazi ya kurekebisha, na hapa nimeona vijana wakionyesha ustadi ambao hakuna aliyewafundisha. Simu ikigandaganda wanaingia kwenye mipangilio. Ukubwa wa picha wanaurudisha kwenye kipimo cha asili cha PSP, pikseli 480 kwa 272, hata kama kioo kina uwezo zaidi. Wanaruhusu kuruka fremu, simu ichore picha moja na kuiacha nyingine. Wanawasha ile namba ndogo pembeni ya kioo inayoonyesha kasi kwa asilimia, kisha wanazima hiki na kuwasha kile mpaka isome 100. Kijana anayefanya hivyo anapima, anabadilisha jambo moja, anapima tena. Ningependa walimu wa kompyuta waione kazi hiyo kabla hawajamnyang'anya simu.

Gemu inayotawala ni mpira. PES ya mwisho ambayo kampuni ya Konami iliitoa kwa PSP ni PES 2014, kisha ikaachana na mashine hiyo. Mashabiki hawakuachana nayo. Katika nchi nyingi, kuanzia Indonesia hadi Afrika, watu wamekuwa wakilifungua faili la gemu hiyo kila msimu, wakibadilisha majina ya wachezaji, jezi, nyuso na mabango ya uwanjani. Ndiyo maana faili linaloitwa PES ya mwaka huu, ukilifumua, ndani yake kuna injini ya 2014 au ya kabla ya hapo. Mchezaji aliyekuwa mtoto wa shule wakati Konami wanafunga kazi anafunga magoli ndani ya gemu yao.

Kuna kipengele kingine ambacho naona hakijasifiwa inavyostahili. PSP mbili ziliweza kuunganishwa kwa mawimbi bila intaneti, na PPSSPP inaiga hata hilo. Simu moja inafungua hotspoti na kuwa mwenyeji, nyingine inajiunga, na kwa gemu zinazokubali watu wawili wanakabiliana kila mmoja na kioo chake. Mahali ambapo bando ni ghali na mtandao unayumba, tofauti kati ya gemu inayodai intaneti na isiyoidai ni tofauti kati ya kucheza na kutocheza.

Swali la sheria siwezi kulikwepa. Emuleta yenyewe ni halali. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliweka msingi huo Februari 2000, Sony waliposhindwa kuizuia kampuni ya Connectix iliyokuwa imetengeneza emuleta ya PlayStation ya kwanza. Gemu ni suala jingine. Nakala inayouzwa steshenari bila idhini inavunja hakimiliki, na Tanzania ina sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 inayosema hivyo. Waandishi wa PPSSPP hawagawi gemu za watu na wanahimiza mtu atumie nakala ya diski yake mwenyewe. Ushauri huo ni sahihi, na kwa kijana wa Ngara hautekelezeki, kwa sababu diski hiyo haikuletwa kumuuzia. Sisemi kwamba hilo linahalalisha nakala. Nasema kwamba kampuni zilizoacha soko lote hili bila duka wala bei zilikuwa na miaka 10 ya kuliona, na hazikuliona. Zipo pia gemu ndogo zilizoandikwa na wapenzi wa PSP na kugawiwa bure kihalali. Maduka yetu yangeweza kuanza nazo, ila wachache wanazifahamu.

Programu yenyewe imeendelea kuwa ya bure. Aliye na uwezo anaweza kununua toleo la Gold, ambalo halina uwezo wowote wa ziada. Fedha zake zinasaidia kazi iendelee. Na kwa miaka mingi, wakati programu nyingine zikizitupa simu za zamani kila mwaka, PPSSPP iliendelea kukubali simu za Android 2.3, mfumo wa mwaka 2010.

Aprili 2024 Apple walibadili kanuni zao na kuruhusu emuleta za mashine za zamani kwenye duka lao, na mwezi uliofuata PPSSPP ikaingia humo baada ya kusubiri zaidi ya miaka 11. Lakini Apple hawaruhusu programu za duka lao kuandika amri mpya za prosesa wakati zinaendeshwa, kwa hiyo ile njia ya kutafsiri fungu na kulihifadhi ilibidi iondolewe kwenye toleo hilo. Kwenye iPhone kila amri inatafsiriwa upya inapofikiwa, kwa njia iliyoboreshwa kidogo, na gemu nyingi bado zinakwenda vizuri, kwa sababu prosesa ya iPhone ina nguvu za kupoteza. Itel yenye memori ya gigabaiti moja haina nguvu hizo. Inapofikisha asilimia 100 kwenye benchi la Benako, inaendeshwa na msimbo ambao Rydgård na wenzake walianza kuuandika mwaka 2012 kwa ajili ya simu za namna yake.